Tundu la Pili Nyuma ya Mashini ya Prefe

Masika mwanangu,

Mama yako ameshakuambia yote ya chandarua, ya sabuni, ya kuchemsha maji ya kunywa kule Kisangani, na ya kutokaa kwa shangazi yako kama mugeni anayengojea kuletewa chai. Amesema mara tatu. Ya nne atasema kesho ku uwanja wa ndege, tena kwa sauti, mbele ya watu. Kwa hiyo mi hayo siyagusi. Sasa ni saa tisa ya mchana. Mumeenda naye Mudzipela kuaga watu wa kanisa, na mi nimezima gurupe ya umeme, kelele imeisha, nimefunga mulango wa atelie nusu ili watu wafikiri sipo. Juu ya meza kuna mashini mbili zimefunguliwa matumbo. Zingoje.

Mi si mutu wa kuandika, unajua. Maandishi yangu ni yale ya kubandika juu ya mashini za watu: "Haiwaki." "Inawaka, inazima." "Ya mama wa duka la vikwembe, ana haraka." Barua ndefu niliandika moja tu maishani, kumuomba babu yako, baba ya mama yako, anipunguzie mbuzi za mahari, na hakunipunguzia hata mmoja. Lakini kuna jambo ambalo nikilisema kwa mudomo bila kulitanguliza ku karatasi, nitaanza kukohoa, nitatafuta kofia, nitatoka nje. Najijua. Makosa yangu ni mengi na ndege haingoji, basi nitakuambia hili moja. Ni la ile mashini ya prefe, mukubwa wa shule yako. Toka siku ile hujashika tena turnevisi kufungua hata skrubu moja.

Nianzie mbali kidogo, uvumilie.

Watu wa Bunia wananiita Ingénieur. Weye na mama yako munajua kwamba sikumaliza hata sekondari. Nilitoka Butembo na biashara ya betri na tochi. Ku Kampala, karibu na stendi ya mabasi, nikaona bwana mmoja anafungua ordinateur mbele ya duka lake. Nikasimama. Kesho yake nikarudi nikasimama tena. Siku ya tatu akanionyesha kigoda kwa mukono, nikae. Nilikaa miezi miwili. Yule bwana hakunifundisha kwa maneno, juu yeye alisema Kiganda na mi Kiganda changu kilikuwa cha kununua ndizi. Nilijifunza kwa macho, kisha nikarudi na mashini tatu za okazyo, zilizokwisha kutumika, juu ya lori, nikaandika ku mulango kwamba natengeneza.

Na nilijifunza kwa moshi. Moja ya zile mashini ilikuwa na kitufe kidogo chekundu nyuma, pale umeme unapoingilia. Sikujua bado kwamba ni cha kuchagua nguvu ya umeme. Muzee aliyeinunua alikuwa ameshailipa, amekuja kuichukua, na mi nikakisukuma kile kitufe ili nijue. Paa! Barabara nzima ikanuka. Yule muzee akaniuliza kuna nini, na mi bila kupepesa jicho nikamujibu: "Ni courant, muzee, ni umeme. Courant ya Bunia ni mubaya." Akatikisa kichwa, akailaani courant, akanishukuru kwa kumuelezea. Siku ile nilijifunza vitu viwili. Kwanza, kitufe chekundu hakisukumwi ovyo. Pili, mutu asiyejua, akisema kwa sauti nzito, watu wanamuamini. Cha kwanza kilinisaidia. Cha pili njo kiliniharibu, juu nilikipenda sana, na nimekitumia miaka mingi.

Kisha ukakuja weye. Ulikuwa na miaka kumi ulipoanza kukaa juu ya lile debe la mafuta pembeni ya meza yangu. Mama yako alitaka ujifunze kusuka nywele, weye ukataka kupangusa mashini kwa burashi ya meno ya zamani. Vumbi ya Bunia unaijua, inaingia hata mu sanduku lililofungwa. Vidole vyako vilikuwa vidogo, vinafika pale vyangu vinakwama. Na ulikuwa na tabia moja. Watoto wengine wanauliza "hii ni nini?" Weye ulikuwa unauliza "hii inaongea na nani?" Huu waya mupana unaongea na nani, papa? Na hii barrette ya kumbukumbu? Mi nilicheka. Sasa najua kuna mafundi wanazeeka bila kuuliza swali lile, na mi nilikuwa mumoja wao.

Tukiwa wawili nilifurahi sana. Ningekujibu, na nisipojua ningesema "ngoja tuangalie". Lakini mwenye mashini akiwa amesimama pale, swali lako lilinichoma kama siafu mu suruali. Niliogopa agundue. Basi nilikuwa nakujibu kwa mukato, au nakutuma maji. Weye ulifikiri papa ana haraka.

Vita ikakuja, ikaenda, ikarudi. Mji ulishikwa na hawa, kisha na wale, na kila walioingia waliingia mu nyumba za watu. Mwanzoni walibeba maekrani tu, wakifikiri ni televizyo. Unité, lile sanduku lenye kila kitu ndani, walilipiga teke wakaliacha. Siye tukacheka kimyakimya. Kisha wakaerevuka. Wakawa wanakuja na mutu wao wa kuwasha kwanza: ekrani ikionyesha picha, mashini inabebwa, ikibaki nyeusi, "Hii imekufa," wanaiacha. Hapo njo siye mafundi wa Bunia tukabuni ile dawa yetu. Ukisikia masasi yanakaribia, kabla ya kukamata godoro na sufuria, unafungua unité, unachomoa karte grafiki, kile kibao kidogo kinachotengeneza picha na kuipeleka ku ekrani, unakifunga mu sashe ya plastiki, unakificha mu unga wa muhogo ao mu maharagi. Mashini itapumua, feni itazunguka, lakini picha hapana. Nilifundisha nusu ya mji dawa ile. Kuna mama mumoja alisahau, akapika maharagi na karte yake ndani, akaniletea nimutengenezee. Weye ulicheka mpaka ukaanguka ku debe.

Prefe wa shule yako naye alifuata dawa yangu. Ile mara tuliyokimbia wote kwa njia ya Komanda, yeye alichomoa karte, akaipeleka kwa mama yake upande wa Bogoro, mu chungu cha maharagi. Mashini akaipandisha juu ya dari ya shule. Tuliporudi, makaratasi ya shule yalikuwa yamechomwa, na yale yasiyochomwa yalikuwa yanafungia karanga ku soko. Lakini mashini ilikuwa bado iko kule dari, na ndani yake kulikuwa pointi za wanafunzi wote, mwaka kwa mwaka. Bila zile pointi darasa la sita haliwezi kuandikishwa ku examen d'État, ule mutihani wa kumaliza sekondari. Na kule Bogoro, nyumba ilikuwa imeungua, na chungu, na karte. Bibi yule aliponea na kikwembe kimoja mwilini.

Unakumbuka asubuhi aliyoileta. Alikuwa ameifunga nyuma ya kinga, ile baiskeli yake, tairi halina pumzi, anaisukuma, jasho mpaka ku kola.

"Ingénieur," akasema, "karte iliungua. Niko na siku kumi za kupeleka liste ya darasa la sita. Uniokoe."

Nikafungua. Nikaangalia pale karte inapokaa: tupu. Waya wa ekrani nilikuwa nao mukononi, hauna pa kuingia. Nikasema kile nilichokuwa nimezoea kusema: "Bila karte hakuna picha, Prefe. Tungoje moja kutoka Kampala."

Weye ulikuwa umepiga magoti nyuma ya sanduku. Ukasema pole pole: "Papa, huku juu kuko tundu ingine. Karibu na ya klaviye ya kuandikia. Iko na kizibo ya plastiki. Naona iko sawa na ya karte."

"Hiyo ni ya bure," nikasema.

"Lakini papa, juu ya nini waweke tundu haiongee na mutu? Tujaribu tu kidogo..."

Prefe akakutazama weye, kisha akanitazama mi. Yale macho yake njo niliyoyaogopa, Masika. Nilikuwa sijawahi kuona mashini yenye tundu la ekrani pale juu, na sikutaka prefe ajue kwamba sijawahi. Nikapiga meza. Nikasema: "Toka lini yai linafundisha kuku kutaga? Weye hauna kichwa ya mashini! Enda usaidie mama yako ku jiko!"

Na prefe, kwa kuniheshimu, akacheka kidogo.

Ulisimama. Ulipangusa magoti. Turnevisi uliirudisha mu kopo lake, ukalisogeza kopo pale linapokaa siku zote. Ukasema, "Sawa, papa." Ungetupa ile turnevisi chini ningekasirika na jambo lingeisha. Nilitaka kukuita. Nilikutazama mpaka ukapita mulango, kisha nikageukia prefe nikaanza kumuelezea bei ya karte.

Utauliza juu ya nini sikuchomoa diski yenye zile pointi nikaisoma mu mashini nyingine. Nyingine ipi? Yangu ilikuwa imebebwa, na za masekretaria, wale wa kuchapia watu barua, zilikuwa zimefichwa, zingine Beni, zingine Mahagi, kila mutu na njia yake. Siku kumi zikapita. Lori lililobeba karte likakwama, kisha njia ikafungwa. Prefe akapeleka liste aliyoiandika kwa mukono, kwa kukumbuka. Watu wa examen wakamurudishia: bila pointi, hapana. Darasa la sita la shule yako halikufanya examen mwaka ule. Karte ilifika wiki ya saba.

Niliipokea mchana kama huu. Weye ulikuwa umeenda kuchota maji. Niliketi na ile mashini mbele yangu, karte mu mukono wa kuume, na sijui ni nini kilinishika. Labda nilitaka kujionyesha kwamba nilikuwa na haki. Nikachomoa kile kizibo kwa ukucha. Nikachomeka waya wa ekrani mu tundu lako. Nikawasha.

Picha ikatokea. Mara moja, Masika. Na karte bado iko mukononi mwangu.

Sasa nikuelezee kama fundi kwa fundi, juu nilikaa nayo siku nzima mpaka nikaielewa. Ku ubao mukubwa, karte mère, kuna ile chip tunaita chipset. Hiyo njo inayopitisha maneno ya mashini nzima, kutoka ku prosesere, ubongo wake, kwenda ku kumbukumbu, kutoka pale kwenda ku karte. Mu mashini za zamani nilizozijua, kazi yake inaishia pale. Mu hii ya prefe, waliweka mutengeneza-picha ndani ya chipset yenyewe. Yeye hana kumbukumbu yake. Anaazima kidogo ku kumbukumbu ya mashini, kama jirani anayepikia ku moto wako, na ndiyo maana ile hesabu ya kumbukumbu inayopita ku ekrani wakati wa kuwasha ilikuwa pungufu kidogo ya ile iliyoandikwa ku barrette. Ukiweka karte, yeye analala. Ukiitoa, anaamka mwenyewe. Picha zake si za haraka, kwa michezo hafai, lakini kwa liste ya wanafunzi anatosha na kubaki. Yule aliyeuza ile mashini alikuwa ameongeza karte ili ionekane ya maana, akaziba tundu lingine ili mutu asikosee waya.

Yaani ile dawa yangu, kwa mashini kama ile, haikuwa dawa. Watu wa bunduki wangetoa tu kizibo, wangeibeba ikiwa inaonyesha vizuri. Hawakujua, na mi sikujua. Tulikuwa darasa moja, mi na wezi.

Na nilifanya nini? Nilizima. Nikarudisha kizibo. Nikaweka karte, nikachomeka waya ku karte, nikawasha tena, nikamuita prefe. Nikamuambia kwa ile sauti nzito, "Umeona? Ilikosa karte tu." Akanishika mikono miwili. Kesho yake akaleta jogoo. Weye ndiye ulimunyonyoa, ulimupika na pilipili, na mama yako akamushukuru Mungu mezani kwa kazi ya mikono yangu, weye ukasema amina. Mulinipa paja. Nililila lote.

Rachel, rafiki yako, alikuwa mu lile darasa la sita. Baba yake alikuwa amepoteza shamba kule Djugu, walikuwa wanalala mu kambi, na kungoja mwaka mwingine na musichana mukubwa mu hema aliona haiwezekani. Muchimba dhahabu mumoja wa Kilo akakuja na maneno yake, na Rachel akaenda kuolewa. Mwezi uliopita nilikutana naye ku soko, ameshuka kutoka Kilo kuuza nyanya, amebeba mutoto mugongoni na mwingine anakuja. Akapiga goti kidogo kunisalimia. "Papa Masika, habari ya kazi?" Nikasema ni nzuri. Nikamuambia unaenda kusoma, na alifurahi, alipiga makofi kabisa pale kati ya nyanya. Watu wote wanasema vita njo ilimukatisha Rachel masomo. Ni kweli, ilikuwa vita. Lakini vita ilikuwa imemuachia prefe siku kumi, na mashini nzima, na mutoto aliyeona tundu. Zile siku kumi ni mi nilizozila. Sisemi Rachel angekuwa daktari, sijui angekuwa nini. Nilinunua nyanya zake zote, nikarudi ku nyumba, mama yako akaniuliza tunafanya nini na nyanya hizi zote.

Na weye? Toka siku ile ni "Sawa, papa." Nikisema tupite huku, sawa papa. Nikisema mashini hii ni ya kutupa, sawa papa. Mama yako akawa anakusifu: "Mutoto amekuwa mutulivu, siku hizi ana adabu." Mi nilinyamaza. Mwaka jana nilichomeka waya wa dirketi, pale diski ndogo zinapoingilia, kinyume, ile taa yake ikawaka bila kuzima, na weye ulikuwa umekaa pale ku mulango na kitabu. Uliona. Macho yako yalisimama juu ya ule waya, niliyaona. Nikangoja useme. Ulifungua ukurasa mwingine. Nilitafuta kosa lile mpaka jioni, na sikuwa na haki ya kukukasirikia hata kidogo.

Hata hivyo ningeendelea kunyamaza. Nakuambia kweli. Mutu anazoea aibu kama anavyozoea kiatu kinachobana, mwishowe anatembea. Lakini Jumapili iliyopita ulikuwa unaongea ku simu na shangazi yako. Akakuuliza utaandika nini ku inivesite. Nadhani alikutajia informatique, juu ulicheka. Ukasema: "Hapana shangazi, mi sina kichwa ya mashini. Nitaandika tu ile iko na nafasi."

Nilikuwa nyuma ya pazia, na kikombe mukononi. Chai ilipoa. Yale maneno ni yangu, Masika. Ni mi niliyeyasema, na toka wiki ya saba nilijua ni ya uongo, na nikakuacha uyabebe miaka miwili. Sasa wiki ijayo utasimama mbele ya meza ya mutu asiyekujua, atakuuliza unataka nini, na utaandika maisha yako kufuatana na uongo niliousema ili prefe asijue kwamba sijui. Nina haya, mwanangu. Nina haya mpaka mu mifupa.

Basi sikia. Ulikuwa na haki. Ulikuwa na miaka kumi na tano, hujawahi kuona chipset ya namna ile, na hakuna aliyekufundisha. Uliona tundu, ukajiuliza linaongea na nani. Ufundi wenyewe ni ule, ukiondoa turnevisi. Mi nina miaka kumi na minne mu kazi hii na mara nyingi siufikii. Sikuambii uandike informatique. Labda umeshapenda kitu kingine, ualimu, mimea, sheria, na ukikipenda kiandike, nitauza hata gurupe. Ninachokataa ni uandike kwa hesabu yangu. Ukifika pale mezani, ule uongo uwe umeshatolewa mu kichwa chako, uamue ukiwa mwepesi.

Na kule utakutana na watu wa sauti nzito. Wako kila mahali, wengine na shahada. Mi siwezi kukuambia uwadharau, juu mumoja wao njo aliyekulipia shule. Wengi wana woga tu. Weye endelea kuuliza, hata wakipiga meza.

Jana nilienda kwa prefe. Unajua kwetu ilivyo: mutu akikutukana ku soko, hakuombi musamaha jikoni. Anarudi ku soko. Prefe alikuwepo siku ile na alicheka, basi nilianzia kwake. Nilimukuta anasahihisha dictée za wanafunzi. Nilimuambia yote, tundu, kizibo, karte, jogoo. Aliweka kalamu chini. Akasogeza madaftari pembeni ya meza.

"Lile darasa," akasema, "nimelilia miaka miwili. Nilifikiri ni Bogoro iliyolimaliza."

"Ni mi, Prefe."

"Na mi nilicheka." Akachukua kalamu, akairudisha. "Mutoto anajua?"

"Bado."

"Sasa hapa kwangu unatafuta nini?"

Nilitazama viatu vyangu kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwishowe yeye njo aliyesema. Akasema pointi za lile darasa bado ziko mu mashini, na mutu anaweza kufanya examen kama autodidacte, bila kukaa tena darasani. Njia ya Kilo ikitulia, tutaenda yeye na mi, tumuulize Rachel na mume wake. Labda atakataa. Labda mume atatufukuza. Tutaenda hata hivyo, na mi njo nitakayesema. Kisha nikamuomba prefe aje kesho ku uwanja wa ndege. Akasema atakuja na kinga.

Barua hii nitakupa ukirudi, kabla ya bugali. Usome peke yako. Mezani usiseme kitu, juu mama yako bado hajui, na nataka asikie kesho pamoja na wengine, yeye aliyemushukuru Mungu kwa yule jogoo. Atanikasirikia, na nitabaki naye hapa ku nyumba, weye hautakuwepo kunitetea. Ni sawa.

Kesho, wakati wanapima mizigo, prefe atakuwepo, na mama yako, na watu wa kanisa, na kila mutu anayeniita Ingénieur. Nitasimama pale nitasema: huyu mutoto aliona, mi sikuona, nikamutukana juu ya lile tundu, kisha nikajua na nikaficha. Nakujua, utanihurumia. Utanishika mukono, utataka yaishe haraka, utataka kucheka ili watu wacheke. Usifanye vile. Niache niseme mpaka mwisho, mwanangu, juu siku ile mi sikukuacha useme.

Papa yako